Miaka Mitano Niliyomwongezea Nyamal

Jumapili, 17 Februari 2013. Lodwar.

Joto la leo linamnyamazisha hata mwenye maneno mengi kama mimi. Tangu asubuhi hakuna upepo, na feni ya chumbani inanirudishia hewa ile ile ya moto. Barabarani magari ya kampeni yanapishana na vipaza sauti vyao. Uchaguzi umebakiza wiki mbili, na kila mgombea ameahidi maji. Nimetoka kanisani, nimeoga, nimemaliza chupa nzima ya maji, na nimekaa kuandika nikiwa na moyo mwepesi.

Jumapili iliyopita sikuandika kitu. Niliogopa kwamba nikianza, nitaandika ukweli.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Abuk. Mimi ni Mdinka, nimekulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma tangu nikiwa na miaka tisa hivi. Mwaka 2005 nilihamishiwa Kanada. Nikasoma, nikapata pasipoti, na mwaka jana nikarudi huku, safari hii kama mfanyakazi. Wiki yangu ina nusu mbili. Jumatatu hadi Jumatano niko Kakuma, nafundisha familia ambazo zimekubaliwa kuhamia nchi nyingine na zinangoja ndege. Siku zinazobaki niko hapa Lodwar, nasimamia ufadhili wa wasichana wanaoingia sekondari ya bweni.

Kazi hii naiweza. Nasema bila haya, kwa sababu nimeshaona watu wengi wakiifanya bila kujua kambi inanukaje mvua ikinyesha. Mama akiniuliza kama theluji inaua, namjibu kwa kumwambia nilivyoanguka mara tatu siku yangu ya kwanza. Baba akiniambia binti yake amesoma vya kutosha, najua mahali pa kumshika. Watu wananiamini. Hata mimi nilikuwa najiamini sana.

Sasa nieleze kilichotokea.

Mwishoni mwa Januari, matokeo ya darasa la nane yalipotoka, niliketi na orodha ya wasichana walioomba ufadhili. Sharti moja ni kwamba msichana asiwe amepita miaka kumi na minane. Katika orodha kulikuwa na mmoja kutoka Kakuma, Nyamal, Mnuer, mwenye alama nzuri kuliko wengi. Nikatazama tarehe yake ya kuzaliwa: Januari mosi, 1992. Miaka ishirini na moja. Nikamkata kwa kalamu nyekundu, nikaendelea na jina lililofuata.

Nakumbuka nilihuzunika kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu iliyofuata, Februari nne, nilikuwa Kakuma darasani. Kati ya familia zangu kulikuwa na mama mmoja mjane ambaye hajawahi kukosa, hukaa mbele kabisa na wanawe wawili wadogo, na safari yao ilikuwa imepangwa Machi. Siku hiyo hakuja. Nikamwomba Nyaruach, mkalimani wetu wa Kinuer, anipeleke kwake.

Tulimkuta anachambua maharagwe mlangoni. Tukasalimiana. Hakungoja Nyaruach atafsiri, alisema mwenyewe kwa Kiswahili chake kidogo: "Madam, mimi hapana kwenda."

"Kwa nini, mama?"

"Msichana yangu ametolewa. Mimi hapana acha mtoto."

Nyaruach akanieleza vizuri. Mwaka ulipoanza, binti wa huyu mama alitimiza miaka ishirini na moja, kwa mujibu wa karatasi. Mtoto akifika umri huo huhesabiwa mtu mzima, na hutolewa kwenye faili ya mzazi na kuwekwa kwenye faili yake peke yake. Mama na wale wadogo waondoke Machi, binti abaki kambini angoje zamu yake, ambayo hakuna anayejua ni lini. Mama alisema karatasi inadanganya. Binti yake ana miaka kumi na sita.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Nyamal."

Sitasema uongo hapa: nilichofikiria kwanza ni kwamba huyu mama anajaribu bahati. Wazazi wengi huomba umri wa watoto upunguzwe, na ofisi hukataa karibu wote, kwa sababu hakuna ushahidi. Lakini msichana mwenyewe alikuwepo, amesimama nyuma ya mama yake, mrefu kama mlingoti, na uso wake ulikuwa wa mtoto. Nikasema nitaangalia.

Kesho yake nilimwomba karani wa kumbukumbu anitolee fomu ya kwanza kabisa ya familia hiyo, ile ya karatasi, iliyojazwa siku waliyoingia Kenya mwaka 2004. Aliitafuta karibu saa nzima. Aliponiletea, ilikuwa imechujuka pembeni na kunuka vumbi. Jina la mama. Jina la binti. Umri: miaka kumi na miwili. Chini kabisa, kwenye nafasi ya mkalimani, kulikuwa na herufi mbili za jina langu.

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja hivi mwaka ule. Ofisi ya mapokezi ilitafuta wakalimani wa Kidinka, Kiarabu na Kinuer, na mimi niliweka alama kwenye zote tatu. Kidinka ni changu. Kiarabu cha Juba nilikijua. Kinuer nilikuwa nakisikia mtaani tu, na kwa kuwa maneno mengine yanafanana na yetu, nikajidanganya kwamba yatakayobaki nitayakisia. Niliitaka ile kazi. Nilitaka kukaa kwenye kiti, kivulini, na beji shingoni, upande ule wa meza ambao watu huja wakiwa wameshika kofia mkononi. Hakuna aliyenipima. Nikapewa kiti.

Nikafanya kazi hiyo kwa miezi minane. Wadinka wakija, nilikuwa mkalimani mzuri. Wanuer wakija, nilikuwa naitikia kwa kichwa tu.

Nilipoishika ile karatasi, siku yenyewe ikanirudia. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Mama mmoja mgonjwa, ana homa, anaongea kwa sauti ya chini. Nikamuuliza umri wa mtoto. Akataja namba. Nilisikia kipande cha mwisho, kinachofanana na mbili yetu ya Kidinka, kilichotangulia sikukishika. Nikamtazama msichana. Alikuwa mrefu. Nikaandika kumi na mbili, nikaita: anayefuata!

Alikuwa na miaka saba, ambayo kwa Kinuer nayo huishia na sauti hiyo.

Nilirudi Lodwar nikiwa na siri yangu kwenye mkoba, yaani nakala ya fomu ile. Kwa siku nne nilijiwekea hoja, na zote zilikuwa nzuri. Kwamba nilikuwa mdogo. Kwamba afisa aliyetia sahihi ndiye aliyestahili kuuliza tena. Kwamba ningeweza kuomba tu msichana apimwe umri na daktari bila kueleza sababu. Hoja hii ya mwisho niliipenda sana, hadi nikajiuliza ofisi itamkubalia vipi wakati huwakatalia wengine wote. Bila ushahidi, ombi lake lingelala kwenye rundo. Na ushahidi pekee uliokuwepo duniani ulikuwa kumbukumbu yangu na mkono wangu.

Niliogopa kufukuzwa. Hilo nalisema. Lakini niliogopa zaidi kuonekana. Kakuma nzima inanijua kama yule msichana wetu aliyefaulu, aliyerudi. Mabinti huonyeshwa mimi kwa kidole.

Jumatatu iliyopita niliamua nianze na mwenyewe aliyekosewa, kabla ya ofisi. Nilikwenda tena kwa Mama Nyamal na Nyaruach. Tulipewa viti vya plastiki na chai ya maziwa ya unga. Nyamal aliketi chini, mgongo ukutani. Nikazungumza kwa Kiswahili, polepole, Nyaruach akitafsiri. Nilipofika pale pa kusema kwamba mkalimani wa siku ile nilikuwa mimi, na kwamba sikuijua lugha yake, Nyaruach aliacha kutafsiri. Akanigeukia.

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," nikasema. "Usinipunguzie."

Akamwambia.

Nilijiandaa kwa matusi. Mama Nyamal akasema maneno machache, bila kupandisha sauti, na Nyaruach akanitafsiria huku akiangalia kikombe chake.

"Anasema, nilikuambia saba. Ukaitikia kwa kichwa, nikajua umesikia."

Nikasema nisamehe, mama.

Akasema tena. Nyaruach akatafsiri: "Anasema, uliandika mbele ya macho yangu. Nilikuwa naona kalamu ikienda. Kama ningekuwa nimesoma, ningekushika mkono."

Nimefundisha mwaka mzima kuhusu faida ya kusomesha wasichana. Nina mabango, nina michoro, nina hotuba ya dakika ishirini ambayo naijua kwa moyo. Sijawahi kusikia ikisemwa hivyo.

Nyamal ndiye aliyefuata. Yeye hahitaji mkalimani, Kiswahili ndicho alichosomea kambini na kuchezea. Aliponiangalia, macho yalikuwa makavu.

"Kwa hivyo hiyo miaka tano ni wewe uliniwekea?"

"Ni mimi."

"Darasa la nne walikuwa wananiita shosho. Ati bibi kizee. Ticha akaniweka nyuma, akasema wewe ni mkubwa, utaelewa tu. Kila mtu aliona hiyo kadi ya kambi. Hata mimi nilianza kufikiri labda mama amesahau."

Nikamwambia kwamba hata ule ufadhili wa Lodwar ni mimi niliyemkata, kwa sababu ya namba hiyo hiyo. Sikulazimika kumwambia hilo, lakini nilishaanza, na nilitaka limalizike lote siku moja.

Alicheka, kicheko kifupi kibaya. "Mara mbili!"

"Mara mbili," nikakubali.

Kisha akaniuliza swali ambalo, kwa siku zote nne za kuhangaika, sikuwa nimejiuliza mwenyewe.

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Wenye uliandika hiyo miezi. Wanuer wengine. Ni wangapi?"

"Sijui," nikasema.

"Utajua lini?"

Ana miaka kumi na sita. Niliondoka pale nimeinamisha kichwa, lakini pia, sijui nielezeje, nikiwa na hakika. Msichana anayeuliza swali kama hilo hawezi kuachwa nje ya shule kwa sababu ya kalamu yangu.

Jumanne asubuhi niliingia kwa Naliaka, mkuu wa ofisi yetu ya Kakuma. Ni mama wa Bungoma, ana miaka mingi Turkana, hapendi maneno marefu. Nilimwekea mezani nakala ya fomu na barua niliyoiandika kwa mkono na kutia sahihi. Akaisoma mara mbili. Alianza kwa Kiingereza cha ofisi, halafu akakiacha.

"Abuk, unaelewa umeniletea nini?"

"Naelewa."

"Ungenyamaza, hii ingekuwa makosa ya zamani tu, ya mtu asiyejulikana."

"Ndiyo. Na msichana angebaki peke yake."

Akavua miwani. "Sitakupongeza kwa kusema ukweli. Ukweli huu ulitakiwa mwaka 2004."

Nilikubali. Kuna maneno ambayo mtu akiyapokea bila kujitetea humfanyia kazi nzuri kuliko faraja.

Akanieleza, hatua kwa hatua. Barua yangu inatosha kufungua upya suala la umri. Nyamal apelekwe kwa daktari, mama ahojiwe upya na mkalimani mwingine, na wakikubaliana, binti arudishwe kwenye faili ya familia. Lakini faili ikifunguliwa, ukaguzi wote unaanza tena. Safari ya Machi imekwenda. Kuhusu mimi: nisitafsiri kitu, nisiguse faili ya mtu yeyote, hadi uchunguzi uishe. Darasa niendelee nalo. Ufadhili niendelee nao, ila jina la Nyamal likijadiliwa nitoke nje.

Nilipoinuka nikamwambia swali la Nyamal: ni wangapi? Nikamwomba orodha ya familia zote za Kinuer zilizopita mbele yangu kwa miezi ile minane.

"Ya nini? Uchunguzi utafanywa na wengine."

"Wengine wachunguze karatasi. Mimi nataka kwenda kuomba radhi, nyumba kwa nyumba. Nyaruach atauliza na kuandika. Mimi nitasema tu nilichofanya."

Akaniambia nifunge mlango nikitoka, vumbi linaingia.

Jioni hiyo daktari alimwona Nyamal. Jumatano mama yake akahojiwa. Niliambiwa matokeo nikiwa nje, kwenye kivuli cha tangi la maji: umri umekubaliwa, kumi na sita. Nikaenda kumweleza Mama Nyamal habari ya Machi. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwa sababu jina lake lilikuwa tayari kwenye ubao wa wanaosafiri, na aliyekaa kambini anajua maana ya jina kuwa ubaoni. Kuna watu huenda kulitazama kila siku, wahakikishe bado lipo.

Nikamwambia itakuwa miezi, labda mingi.

Nyaruach akatafsiri jibu lake huku akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Anasema, miezi naijua. Nimekaa hapa miaka tisa. Mtoto kubaki nyuma ndilo jambo nisilolijua."

Alhamisi kamati ya ufadhili ilikutana hapa Lodwar. Nafasi moja ilikuwa wazi, kwa kuwa msichana mmoja wa Lorugum alipata shule kwingine. Nilipeleka barua ya ofisi yenye umri mpya, nikatoka nje kama nilivyoagizwa. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini kama mwombaji, nikitazama mlango uliofungwa. Niliambiwa baadaye kwamba mmoja wao alipinga, akauliza kuna faida gani kumlipia msichana ambaye familia yake itaondoka hata kabla hajafika kidato cha pili. Mwalimu mkuu wa sekondari ndiye aliyemjibu.

"Kama ni mihula miwili, basi ni mihula miwili. Hesabu atakayojifunza hapa hawatamnyang'anya kwenye uwanja wa ndege."

Wakampa.

Ijumaa alasiri nilimpokea mwenyewe. Alishuka kwenye gari la ofisi na sanduku la bati, godoro jembamba limefungwa kwa kamba, na mama yake kando. Mama Nyamal alikuwa hajawahi kufika Lodwar miaka yote ile. Langoni mlinzi, Mturkana mzee kidogo, alimsalimia kwa Kiturkana, "Ejok," naye akajibu "Ejok" bila kusita. Miaka tisa ni miaka tisa.

Karani wa shule alifungua daftari akauliza tarehe ya kuzaliwa. Nyamal akaitaja. Mwaka tu, 1997, kwa sababu siku haijulikani. Karani akaandika. Nyamal akainama mezani, akasoma kilichoandikwa, akanyooka.

Mama yake alikuwa anamwangalia yeye, si daftari.

Hakuniaga kwa kunikumbatia, na sikutegemea. Alinipa mkono. Akasema, "Madam, ile orodha?" Nikamwambia nimeiomba. Akaniambia, "Sawa," akaingia ndani na sanduku lake. Hajanisamehe, nadhani. Ana haki. Mimi nami sina haraka naye.

Nilipofika nyumbani jioni ile nilikuta barua pepe ya Naliaka. Haikuwa na salamu. Ilikuwa na orodha, kurasa tatu, na mstari mmoja juu yake: Nyaruach atauliza, wewe hutaandika chochote.

Nimeisoma jana na leo. Baadhi ya majina nayajua. Kuna waliorudi kwao baada ya Sudan Kusini kupata uhuru. Kuna waliokwisha kuruka na ndege, wako Marekani au Australia, na umri wowote niliowapa umeenda nao huko, kwenye leseni za udereva na vyeti vya ndoa. Kuna mmoja ambaye nilihudhuria mazishi yake. Waliobaki kambini si wachache. Labda wengi niliwapatia sawa. Labda kuna msichana mwingine ambaye wiki hii anaambiwa amechelewa kwa jambo ambalo wakati wake bado.

Najiuliza kama watanipigia kelele. Wengine watapiga. Najiuliza pia kama darasani, Jumatatu, zile familia zitanitazama kama zamani, maana Kakuma habari hazihitaji gari. Pengine wataniuliza maswali zaidi kabla ya kuniamini. Vizuri. Waulize. Laiti mtu angeniuliza mimi mwaka ule, hata swali moja, kwa Kinuer.

Bado naamini naiweza kazi hii. Wiki hii sijaipoteza imani hiyo, nimeivua tu ile beji ya shingoni.

Begi liko mlangoni. Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na Nyaruach ameniambia nyumba ya kwanza iko ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, haina mlango wa kugonga, ni pazia tu. Nitapiga hodi. Nitaanza kwa kusema jina langu na nilichofanya, Nyaruach atauliza upya, na mimi nitakaa kimya hadi wamalize kujibu.